Kuacha pombe ukiwa Tabora: mkutano wa waraibu ni kitu gani, na unaupataje

Mtu wa Tabora akisema pombe imemchosha, ndugu zake hugawanyika pande mbili. Wa upande mmoja humwambia ashike dini. Wa upande wa pili humwambia aende hospitali ya Kitete akamwone daktari. Pande zote mbili zina hoja, na hospitali nitaizungumzia kwa kirefu, maana kuna watu ambao ni lazima waanzie huko. Lakini ipo njia ya tatu isiyozungumzwa sana huku kwetu: kukaa chumba kimoja na watu waliokunywa kama wewe au kukuzidi, na ambao sasa hawanywi. Hawa si madaktari, si masheikh wala mapadri. Wanakaa saa moja, wanasimuliana, wanaagana. Ukiieleza hivyo inaonekana si kitu, ndiyo maana wengi wakisikia huuliza: sasa hapo dawa iko wapi?

Ili kujibu swali hilo inabidi twende Akron, mji wa jimbo la Ohio, Marekani, Mei 1935. Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa na miezi kama mitano bila kugusa pombe. Biashara iliyompeleka Akron ilikuwa imekwama, wenzake wameondoka, na pale kwenye ukumbi wa hoteli alikuwa anasikia kelele za baa. Badala ya kuingia baa akaenda kwenye simu, akaanza kupigia makanisa ya mji ule akiuliza kama kuna mlevi yeyote anayeweza kuzungumza naye. Mwisho wa simu hizo akafikishwa kwa Bob Smith, daktari wa upasuaji ambaye pombe ilikuwa imeshaharibu kazi yake. Daktari alikubali kumsikiliza kwa dakika 15. Walikaa saa kama sita. Tarehe 10 Juni 1935, siku inayohesabiwa kuwa ya mwisho kwa Bob Smith kunywa, ndiyo inayoadhimishwa kama mwanzo wa Alcoholics Anonymous, au AA kama inavyojulikana duniani kote.

Linalopotea mara nyingi hadithi hii inaposimuliwa ni kwamba Wilson hakupiga simu ili amwokoe mtu. Miezi ile yote huko New York alikuwa akiwahubiria walevi na hakuna hata mmoja aliyeacha. Ila yeye mwenyewe hakunywa. Kwa hiyo siku ile Akron alimtafuta mlevi mwenzake ili yeye asilewe. Dawa unayoiuliza iko hapo: anayesimulia anajitibu, anayesikiliza anajiona, na wiki ijayo wanabadilishana. Ndiyo maana desturi za AA zinasema walevi wawili au watatu wakikutana kwa nia ya kuacha wanaweza kujiita kikundi. Hakuna cheti, hakuna ada ya kuanzisha, hakuna makao makuu yanayotoa kibali.

Hii ina maana kubwa kwa mtu wa Tabora, Urambo au Sikonge. Ukizunguka mjini unatafuta bango na dirisha la mapokezi, utazunguka sana. Kinachotafutwa ni mtu.

Kuonekana

Kinachowazuia wengi, hata mkutano ukiwepo, ni hofu ya kuonekana. Tabora ni mji, lakini ukitembea kutoka Isevya hadi sokoni utakuwa umesalimiana na watu wanaomjua mama yako kwa jina.

Ajabu yake ni kwamba anayeogopa kuonekana mkutanini hakuwahi kuogopa kuonekana kilabuni. Mtaa umeshamwona akitembea kwa kushika ukuta, watoto wameshamtungia jina. Kwamba anakunywa si siri. Siri anayotaka kuilinda ni kwamba anajaribu kuacha, kwa sababu akijaribu hadharani kisha akateleza, atachekwa kuliko alivyochekwa akiwa mlevi. “Si ulisema umeacha wewe?” Nadhani swali hilo limewarudisha watu kwenye wanzuki kuliko kiu yenyewe.

Kutojulikana katika AA kuliwekwa kwa ajili hiyo. Unataja jina la kwanza tu, na ukitaka taja la utani. Hakuna daftari la mahudhurio. Kilichosemwa ndani hakitoki, na ukikutana na mwenzako stendi unamsalimia kama jirani mwingine, humuulizi “leo unakuja?” mbele ya watu. Hata hivyo, tusidanganyane: hii ni ahadi ya watu, si kiapo cha kisheria kama cha daktari. Asilimia kubwa ya watu huiheshimu kwa sababu kila mmoja ana siri yake mezani, lakini siku ya kwanza hulazimiki kumwaga yote. Kama maisha yako yana mambo yanayogusa sheria, mathalani unapika gongo, zungumzia unywaji wako, mapishi yaache nyumbani.

Ndani kunafanyika nini

Anayeongoza siku hiyo anafungua, kwa kawaida kwa dakika ya ukimya au sala fupi, kisha anasoma maneno machache ya kueleza kikundi ni cha nani. Baada ya hapo watu wanazungumza mmoja mmoja. “Naitwa Hamisi, ni mraibu wa pombe.” Wengine wanamsalimia kwa jina. Anasimulia: alivyokuwa, kilichotokea, alivyo leo. Hakuna anayemkatiza, na akimaliza hakuna anayemjibu, kumshauri wala kumsahihisha. Kwetu sisi hili ni gumu. Tumezoea kwamba mtu akitoa tatizo kwenye kikao, wazee wanapokezana kulitolea maneno. Pale anayefuata anasimulia ya kwake, basi. Ushauri ukihitajika unatafutwa baadaye, nje, watu wawili.

Zamu yako ikifika unaweza kusema “leo nasikiliza tu” na itapita bila maswali. Mtu anaweza kusikiliza mikutano mingi kabla ya kufungua mdomo. Sharti la kuwa mwanachama ni moja, hamu ya kuacha kunywa. Si lazima uwe umeshaacha. Si lazima uwe umepoteza kazi, ndoa na kiwanja ndipo upokelewe, ingawa ukisikiliza simulizi za wakongwe unaweza kudhani hicho ndicho kiingilio.

Ujue pia kuna mikutano ya aina mbili. Ya wazi anaweza kuingia yeyote, hata mke, kaka au mwanafunzi wa uuguzi anayetaka kujifunza. Ya ndani ni ya wenye tatizo tu. Uliza kabla ya kwenda, hasa kama unataka kusindikizwa.

Hatua 12 utazisikia zikitajwa. Kwa ufupi, ni safari ya mtu kukubali kwamba pombe imemshinda, kujikagua bila kujionea huruma, kuungama makosa kwa mtu mwingine, kuwaendea aliowadhulumu na kurekebisha pale ambapo kurekebisha hakutawaumiza zaidi, kisha kumshika mkono anayekuja nyuma. Hazifanywi siku moja. Anayekupitisha ni mtu aliyekutangulia, anaitwa sponsa, na ushauri wa kawaida ni kwamba mwanaume achague mwanaume na mwanamke achague mwanamke.

Hakuna anayeapishwa. Huku kwetu wengi wameshaapa, kwa msahafu au kwa Biblia, kwa kaburi la baba, na kiapo kilipovunjika wakaona wameshalaaniwa, bora kunywa. Mkutanini husemi “sitakunywa tena maishani.” Unasema leo sinywi. Kesho utaisema tena. Ukiteleza unarudi na kukaa kiti kilekile, hakuna faini.

Kuhusu posho, niseme mapema ili mtu asije na matumaini mengine: hakuna. Hakuna nauli ya kurudishiwa, soda, fulana wala karatasi ya kusaini na kuandika namba ya simu. Kinachopita ni kofia au sahani, na mwenye mia mbili anaweka, asiyenacho anapisha. Hela hiyo ni ya chai na chumba. AA haipokei michango ya nje. Mheshimiwa akitaka kuwanunulia viti kikundi kinashukuru na kukataa, kwa sababu anayenunua viti huja siku moja na kamera. Kwa kipimo hichohicho, ukikuta mahali wanakutoza kiingilio, wanauza unga wa kuchanganyia chai ya mlevi bila yeye kujua, au wanakuahidi kupona kwa siku saba, hapo si AA na mimi ningetafuta pengine.

Na dini? Hatua zinamtaja Mungu, kwa jinsi kila mmoja anavyomwelewa, na AA haifungamani na dhehebu lolote. Tabora ni mji wa misikiti mikongwe na wa parokia nyingi, kwa hiyo mkutano wa hapa utakuwa na wote. Kwa Mwislamu jambo lina uzito wa ziada, kwani kwake hata kikombe cha kwanza ni haramu, na kusema “nakunywa” mbele ya watu ni mtihani kabla hata hajafika kwenye ulevi. Kikundi chenye busara hufungua kwa ukimya, kila mtu akasoma dua yake moyoni.

Wanaopaswa kuanzia hospitali

Hapa tafadhali usiruke. Jiulize: asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue ndipo itulie? Unatoka jasho, moyo unakwenda mbio, unatapika usipopata? Kama ndiyo, mwili wako umeshaitegemea pombe, na kuikata ghafla ukiwa peke yako nyumbani kunaweza kukuua. Hili halitokani na udhaifu wa roho. Pombe hutuliza ubongo. Ukiipa miaka, ubongo hujizoesha kufanya kazi kwa nguvu zaidi ili kuishinda. Siku pombe isipokuja, ubongo unabaki unakimbia bila breki.

Kutetemeka huanza saa chache baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege likija, mara nyingi huja ndani ya saa 48 za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi ya watu huweweseka: homa, kuchanganyikiwa, kuona wadudu ukutani au watu ambao hawapo. Familia ikiona hivyo fikra za kwanza huwa majini au kurogwa, na saa za kumwokoa mgonjwa zinaishia safarini kwa mganga. Mpelekeni hospitali: Kitete kwa walio mjini, hospitali ya wilaya kwa walio Nzega, Igunga au Kaliua, na mwambieni daktari ukweli kuhusu kiasi anachokunywa na lini alikunywa mara ya mwisho. Ipo dawa ya kutuliza ubongo kwa siku chache chini ya uangalizi, diazepamu au za jamii yake, na ipo vitamini B1 ya kuukinga ubongo usidhurike moja kwa moja. Usiende kujinunulia diazepamu duka la dawa. Ikichanganyika na pombe huzima pumzi, nayo yenyewe ina uraibu wake. Asiyejua aanzie wapi anaweza kupiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya.

Kwa asiye na dalili hizo lakini ana mashaka, lipo dodoso la Shirika la Afya Duniani linaloitwa AUDIT. Lina maswali 10: unakunywa mara ngapi, kiasi gani, umewahi kushindwa kukumbuka ya jana, kuna mtu amewahi kujeruhiwa kwa sababu ya unywaji wako. Toleo la Kiswahili lilishafanyiwa utafiti Moshi, katika hospitali ya KCMC. Alama ni 0 hadi 40, na kwa kawaida kuanzia 8 inaashiria kwamba unywaji umeanza kuwa na madhara. Mwombe mhudumu wa afya mlijaze pamoja. Ni mwanzo mzuri wa mazungumzo kwa mtu asiyejua aseme nini.

Kumpata huyo mtu

Anza na waliokwisha kuwaona watu kama wewe. Kitengo cha afya ya akili hospitalini kinawajua walioacha, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri pia. Hawatakupa jina la mtu, wala hawapaswi. Lakini unaweza kusema hivi: “Shikamoo dada, mimi nataka kuacha pombe. Sitaki jina la mtu. Kama kuna aliyeacha na yuko tayari kuzungumza, naomba umpe namba yangu, anipigie akipenda.” Siri ya mwenzako imelindwa, na wewe umeacha mlango wazi.

Wa pili ni waliopitia nyumba za upataji nafuu, ambazo wengi tunaziita soba hausi. Mtu aliyekaa soba hausi Dar es Salaam au Zanzibar na kurejea nyumbani anajua mkutano unavyoendeshwa, na mara nyingi anauhitaji kuliko wewe, kwa sababu amerudi mtaa uleule wenye vijiwe vilevile. Huko wengi hutumia utaratibu wa Narcotics Anonymous, NA, ulioanza California mwaka 1953 kwa ajili ya waraibu wa dawa za kulevya. NA inaihesabu pombe kuwa ni dawa ya kulevya kama nyingine, kwa hiyo ukikuta mkutano wao na wewe shida yako ni bia, utapokelewa.

Wa tatu yumo kwenye simu. Tangu 2020 mikutano ya mtandaoni imekuwa mingi mno, ya video na ya sauti tupu, usiku na mchana. Orodha kubwa inatunzwa na AA Intergroup, nayo hailipiwi. Unaweza kuzima kamera, kuandika jina lolote, na kuchagua sauti peke yake ili bando lisiishe. Mingi ni ya Kiingereza. Angalia sana saa, kwa sababu hapo watu hukosa mkutano na kudhani wamedanganywa. Ikiandikwa 19:00 kwa saa za Afrika Mashariki, ni saa 1 usiku. Ikiwa ni 19:00 ya London, kwetu ni saa 4 usiku wakati wa baridi yao na saa 3 usiku majira yao ya joto. Ya New York, wakati wa baridi, itakukuta saa 9 usiku.

Ukishampata mmoja, mna kikundi. Chagueni siku na saa, msivibadilishe. Saa nzuri ni ile ambayo ungekuwa kilabuni, na siku nzuri kwa wengi ni Ijumaa au Jumamosi. Wakulima wana kalenda yao: masoko ya tumbaku yakifunguliwa na malipo yakaanza kuingia, hiyo ni miezi ya kukutana mara nyingi zaidi. Chumba kinaweza kuwa darasa la shule baada ya vipindi, au ukumbi mdogo wa parokia. Wengine watapenda chini ya mwembe, na Tabora miembe haijawahi kuwa haba. Wanaume wanne na birika la kahawa chini ya mti hawamshangazi mtu yeyote, pengine wanajificha vizuri kuliko waliofunga mlango. Uongozi uwe wa zamu. Kikundi chenye mwenyekiti wa kudumu siku moja kitakuwa mali yake.

Wanawake hapa wana mzigo wa peke yao. Mwanaume akienda mkutano wa jioni anaonekana ana shughuli. Mwanamke akienda kukaa na wanaume usiku, mtaa una tafsiri yake. Na wapo ambao pombe ndiyo ada ya shule ya watoto: anapika wanzuki au komoni, anaonja ili ajue imeiva, mteja anamnunulia kikombe, na jioni hajui alianza kulewa saa ngapi. Kumwambia huyo “acha kukaa karibu na pombe” ni kumwambia aache kula. Kwake kinachowezekana mwanzoni ni mkutano wa mchana na mwanamke mwenzake, hata wakiwa wawili jikoni, na mtu mwingine wa kuonja. Biashara mbadala ni mazungumzo ya kikoba, na yanachukua miezi. Mkutano unaweza kuanza kesho.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2020 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, walipitia tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Waliounganishwa na AA kwa mpango maalumu wa tiba, asilimia 42 hawakuwa wakinywa kabisa baada ya mwaka, dhidi ya asilimia 35 ya waliopata tiba nyingine. Tafiti nyingi zilikuwa za Marekani, si za Unyamwezini. Na hesabu hiyohiyo inasema zaidi ya nusu hawakufika mwaka bila kunywa. Mimi naisoma hivi: kwa kitu kisicholipiwa, tofauti hiyo si ndogo, lakini anayekuambia AA inamponya kila mtu hajasoma.

Mwisho ni nyie mnaoishi na mnywaji. Hamwezi kuhudhuria kwa niaba yake, na kumpeleka kwa nguvu kunampa tu kisa cha kusimulia kilabuni. Mkutano wa wazi mnaweza kuingia nyie wenyewe, hata yeye asipotaka. Kuna pia Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951 na Lois, mke wa Bill Wilson, pamoja na rafiki yake, kwa ajili ya ndugu wa walevi, na mikutano yake ya mtandaoni inapatikana kwa njia ileile. Akija siku moja kusema yuko tayari, msimfungie chumbani wala msimwagie pombe yote aliyonayo usiku huo. Mwulizeni kama asubuhi hutetemeka. Akisema ndiyo, alfajiri mkodieni bodaboda, na mmoja wenu amshike kwa nyuma hadi Kitete.